Gari Lililopewa Hofu

Gari lilikuwa linapanda mlima Kitonga kwa kasi ya kilomita tisini kwa saa, vioo vyake vyote vimetiwa giza na macho yake ya mwanga yamefunikwa kwa vifuniko vya mpira. Ndani hapakuwa na usukani. Tamali Chaula alikaa kiti cha mbele, mkoba ameupakata, na hakuona kitu isipokuwa taa ndogo ya kijani karibu na magoti yake.

"Umekula, sista?" aliuliza fundi Kastori Nyenza kutoka kiti cha nyuma.

"Chai na chapati moja."

"Inatosha. Hapa kwetu gari hupimwa kwa tumbo. Macho yana upendeleo, yakiona rangi nzuri yanalitetea gari. Tumbo halina rafiki."

Kona ya kwanza ikaja, ya pili ikaja. Tamali alizihisi ubavuni, moja kulia, moja kushoto. Kabla ya kona ya nne gari likapunguza mwendo lenyewe, polepole, kama mtu anayesita mlangoni mwa nyumba yenye msiba. Likajibana kwenye ukuta wa mlima. Mara mngurumo mzito ukapita ubavuni na upepo wake ukalitikisa gari zima. Lilikuwa lori refu la mizigo, lisiloweza kukata kona ile bila kutanua na kuingia njia isiyo yake.

Tamali akageuka nyuma. "Limejuaje, na halioni?"

"Halijajua," fundi akasema. "Limeogopa."

Siku zile magari yote ya nchi yalikuwa vijiendeshi. Ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu usukani upigwe marufuku barabarani, na tuseme ukweli, watu wengi walipona. Ajali zilipungua mpaka wodi za mifupa zikageuzwa kuwa wodi za watoto. Kijiendeshi hakilewi, hakisinzii, hakishindani na mtu. Kina tabia moja tu: kikishuku, kinasimama. Mvua ikizidi, kinasimama. Ukungu ukiyaziba macho yake, kinasimama, na sauti laini ya kike inasema, "Tunasubiri kwa usalama wako." Mjini hilo si neno. Unasubiri kidogo, unachezea simu, safari inaendelea. Lakini Lwangilo, kule juu Makete ambako Tamali alikuwa muuguzi wa zahanati, ukungu ukishuka huondoka unapopenda wenyewe, hata baada ya siku tatu.

Mwezi wa tatu mwaka ule Tamali alikaa saa tano ndani ya gari la wagonjwa lililosimama. Alikuwa amemshika mkono mama mmoja, Grasiana, mimba ya tatu, damu haikatiki. Hospitali ilikuwa mbele yao kilomita ishirini na sita. Alilisihi gari. Alilipiga teke. Alipapasa mbele ya kiti akitafuta usukani, na huku anajua fika kwamba haupo. "Tunasubiri kwa usalama wako," gari likamwambia kila baada ya dakika kumi, mpaka Grasiana akaacha kuitikia anapoitwa jina, na likaendelea kusema hata baada ya hapo.

Ndiyo maana wilaya ilipopata gari jipya la wagonjwa, Tamali alisema halitapandishwa Lwangilo kabla halijapita kwa Nyenza.

Karakana ya Nyenza ilikuwa chini ya mlima, mabanda matatu marefu ya bati, sakafu imesuguliwa mpaka unaona sura yako. Watu walileta magari kutoka Lusaka, wengine Lilongwe. Kazi yenyewe waliiita kunoa. Kijiendeshi kiliingia pale kikiogopa kila kitu sawasawa, jani na jabali, kikatoka kinaogopa kinachostahili kuogopwa.

"Gari lisiloogopa ni jiwe linaloporomoka," fundi Kastori alimweleza waliposhuka kutoka mlimani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, anayesema huku anafuta mikono hata kama mikono ni misafi. "Linaloogopa kila kitu ni nyumba, halitembei. Mimi natengeneza la katikati."

"Na hili jekundu?"

"La bwana mmoja wa Makambako. Amepeleka posa mara tatu, mara tatu mvua imemkwamisha njiani, wakwe wakasema hana nia. Ameniambia, fundi, safari hii hata kama ni gharika."

Tamali akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. Fundi akamwambia apande ili alijaribu, maana mteja wa kweli lazima aonje zaidi ya gari moja. Wakalizungusha kwenye njia ya vumbi nyuma ya karakana, vioo vimetiwa giza vilevile. Gari lile lilikuwa na mbwembwe. Liliingia kwenye kona kwa kuchelewa na kutoka kwa kuringa, na mbele ya shimo lilishtuka ghafla kisha likasahau mara moja.

"Lina maringo," Tamali akasema akishuka, mkono kifuani.

"Hofu yake ni ya kijana. Hofu ya kijana haikai."

"Kijana gani?"

Fundi aliinama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Tamali aliliona hilo. Alikuwa mtu wa kuangalia, na kazi ya wodini ilikuwa imemfundisha kwamba mgonjwa anapoinamisha kichwa ndipo unapopaswa kumtazama zaidi. Lakini hakuuliza mara ya pili.

Gari lake la wagonjwa lilikuwa banda la mwisho, jeupe, limeshawekwa kiini kipya chini ya kiti cha mbele, boksi dogo la kijivu lisilozidi ukubwa wa tofali. Ndani ya kiini kile mlikuwa na hofu ileile ya Kitonga iliyowaokoa na lori. Wakaliingiza kwenye barabara-mkunjo.

Barabara-mkunjo ilikuwa ukumbi ambao sakafu yake ni vipande elfu arobaini vya chuma, kila kimoja kinaweza kupanda, kushuka na kuinama. Fundi alipoingiza picha za Lwangilo zilizopigwa kutoka angani, sakafu ile ilinyanyuka na kujikunja ikawa milima ya Tamali, kipande kwa kipande, ikizaliwa mbele ya gari na kufa nyuma yake. Mabomba ya juu yakamwaga mvua. Ukungu wa mashine ukajaa ukumbi.

"Kilomita arobaini na moja," fundi akasema. "Funga mkanda."

Gari likaondoka. Likapita Daraja la Mianzi vizuri. Likapita kwenye utelezi wa shuleni vizuri mno, likitambaa kwa tairi za upande mmoja. Tamali alianza kuamini. Moyoni alikuwa anamwambia Grasiana, ona, ona linavyokwenda. Kisha wakafika mahali panapoitwa Kwa Mbwilo, na gari likapita katikati ya barabara bila kusita, likaongeza mwendo, na baada ya muda likafika hospitalini na kusimama kwa adabu.

Mafundi wawili waliokuwa kwenye mitambo wakapiga makofi. Fundi Kastori akaangalia saa. "Dakika hamsini na mbili! Ndani ya ukungu! Sista, hujawahi kuona hiyo."

"Tumekufa," Tamali akasema.

"Nani amekufa?"

"Sisi. Tumekufa Kwa Mbwilo, hapo ulipokuwa unaangalia saa." Alisema bila kupandisha sauti. "Mvua ikinyesha siku ya tatu, maji hupita chini ya barabara pale. Juu huoni kitu, udongo mzuri kabisa, hata majani yameota. Chini ni tupu. Unatakiwa ushushe tairi la kushoto ndani ya mtaro, uende unasugua ukuta wa mlima. Ukipita katikati umekwenda."

Fundi akarudisha picha nyuma, akaikuza. Palionekana barabara tu. "Picha haina hilo."

"Picha haijapita pale."

Makofi yalikuwa yamekwisha zamani. Fundi akafuta mikono. "Nani anaijua barabara hiyo kwa mkono? Wakati wa usukani, nani alikuwa anaendesha?"

"Tulikuwa watatu. Mzee Sanga alishafariki. Tweve macho yamekwisha, na akili inakuja na kuondoka. Mimi niliendesha pikapu ya mradi wa afya miaka saba."

"Kwa hiyo umebaki wewe."

"Nimebaki mimi."

Fundi alimtazama. Hakuwa na furaha ya fundi aliyepata spea iliyoadimika, na hilo ndilo lililomtia Tamali wasiwasi. "Twende tukale kwanza," akasema. "Mambo mengine hayasemwi ukiwa na njaa."

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya karakana. Jikoni palikuwa na mwanamke mnene, mchangamfu, kitenge kiunoni, anaimba.

"Kamwene!" akaitikia hodi kwa salamu ya kwao. "Karibu, mgeni. Baba Eda, huyu ndiye mwenye ukungu? Nilidhani ni mtu mzima, kumbe binti mzuri hivi. Kaa, kaa. Usikalie kile kigoda, mguu wake mmoja ni mwongo."

Huyo alikuwa Onorata, mke wa fundi. Akageukia mafiga, akaliinua sufuria la maharage kutoka kwenye moto. Hakushika kitambaa. Alilishika kwa viganja vitupu na kuja nalo akitabasamu.

"Moto, mama Eda," fundi akasema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga kifungo. "Weka chini. Unaungua."

"Ehee, kweli." Akaliweka. Akavitazama viganja vyake. Vilikuwa na makovu juu ya makovu. Tamali alikuwa ameshasimama kuvishika, uuguzi umemsimamisha kabla hajafikiri.

"Maumivu huyasikii?"

"Nayasikia vizuri tu, mwanangu. Yananiuma kama yanavyokuuma wewe. Ila hayanitishi. Kwa hiyo nasahau kuacha." Akacheka. "Zamani nilikuwa naogopa mpaka kuku! Muulize huyu. Niliendesha malori Kitonga miaka kumi na tisa, hakuna kona iliyonipata, kwa sababu nilikuwa mwoga. Madereva wenzangu waliniita Mama Breki. Wao wako makaburini, Mama Breki anapika maharage."

Tamali akamgeukia fundi. Sasa alikuwa ameelewa kilichokuwa ndani ya kiboksi cha kijivu.

"Mweleze, baba Eda. Usimtafunie maneno."

Fundi akaeleza. Kulikuwa na mashine waliyoiita kichoteo, kofia kubwa kama drai ya saluni. Walijaribu kunakili hofu na kumwachia mwenyewe ya kwake. Nakala zilikuwa maiti. Hofu ya barabara haiandikwi mahali pamoja kichwani. Imesukwa, uzi na uzi, tangu utotoni, na ili mashine iusome uzi lazima iukate. "Kinachosomwa hakibaki," akasema. "Kinahama. Kikishahama tunaweza kukitia magari mengi, ila kichwani hakirudi."

"Chukua ya barabara tu, basi. Niachie nyingine."

"Hofu haina vyumba, sista. Inayokuonya Kwa Mbwilo ndiyo hiyohiyo inayokuonya jikoni. Mke wangu naye aliomba nusu."

"Je, nikikaa ndani ya gari nikaliambia? Nikaliambia shusha tairi, shika mtaro?"

"Tumejaribu. Neno linafika masikioni mwake wakati tairi limeshapita. Halafu wewe hulali? Huumwi? Siku utakayokuwa huna nguvu, nani atakaa hapo?"

Maharage yakapakuliwa. Walikula, Onorata akisifia chumvi yake mwenyewe. Kisha akauliza, "Una watoto?"

"Mmoja. Lusungu. Ana miaka minne. Tunaishi wawili."

Onorata akaacha kutafuna. Haikuwa huzuni iliyomjia usoni. Ilikuwa kama mtu anayefanya hesabu ngumu. "Basi nikuambie hili, maana huyu hatalisema. Mwaka juzi Eda wangu alichelewa kurudi. Binti wa miaka kumi na tatu, giza limeingia, mvua. Baba yake alikimbia mlimani na tochi. Mimi nilikula, nikalala. Nililala vizuri. Aliporudi alikuja kusimama kando ya kitanda changu amelowa, akaniuliza, mama, hunipendi tena? Nikamwambia nakupenda sana. Na ni kweli, nampenda, hakuna kilichopungua. Akasema, mbona hukunitafuta?" Akasogeza sahani yake. "Jibu nalitafuta mpaka leo. Sikujua kwamba kumbe kile kiwewe nilichokuwa nakilaumu kila siku ndicho kilichokuwa kinanitoa kitandani."

"Na unajuta?" Tamali akauliza.

"Kujuta kunataka uogope kidogo, mwanangu. Sina." Akamwongezea maharage. "Lakini watu wanapita Kitonga. Wanapita na watoto wao."

Usiku Tamali alimpigia simu mdogo wake, Roida, aliyekuwa amebaki na Lusungu. Akaomba aongee na mtoto. Lusungu akamsimulia habari ya mbuzi aliyeingia darasani. Tamali akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia Roida ahamie kwake, bila kutaja ni kwa siku ngapi.

"Dada, kuna nini?"

"Nitakuwa nasahau vitu. Nataka mtu mwoga ndani ya nyumba."

Roida akadhani ni utani. "Basi umempata. Mimi hata panya nampigia yowe."

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Asubuhi walimkalisha ndani ya gari jeupe. Walikuwa wamelifungia usukani wa zamani kwa muda, mweusi, umechakaa kwa viganja vya watu wengine. Kofia ya kichoteo ikashushwa kichwani. Barabara ya Lwangilo ikanyanyuka mbele yake, mvua, ukungu, na Tamali akaendesha kwa mikono yake mwenyewe baada ya miaka kumi na mbili.

Aliogopa sana. Alikuwa ameambiwa aache hofu ije yote, naye akaiacha. Daraja la Mianzi mikono ilimlowa jasho. Kwenye utelezi wa shuleni alimkumbuka mwanafunzi aliyewahi kukatiza mbele yake, na mguu ukatafuta breki wenyewe. Kwa Mbwilo alishusha tairi mtaroni, akasugua ukuta, na pale akamkumbuka Grasiana, akaogopa yale masaa matano upya, yote, dakika kwa dakika. Fundi, aliyekuwa ameshika mitambo, aligeuza uso.

Kilomita tatu kabla ya hospitali, Tamali aligundua kwamba alikuwa anaimba.

Gari lilipanda Lwangilo mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza. Usiku wa kwanza wa ukungu lilimbeba binti wa miaka kumi na tisa, mtoto amekaa vibaya tumboni. Lilitambaa, likasita, likanusa barabara kama mbwa, na Kwa Mbwilo likashuka mtaroni likitetemeka bodi nzima. Tamali alikaa nyuma na mgonjwa, ametulia, anampa moyo. Walifika. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji kabla jua halijatoka, akalia. Kufikia mwezi wa nne, wagonjwa waliofikishwa hivyo walikuwa kumi na mmoja. Watu wa Lwangilo wakaanza kusema kwamba sista amekuwa na roho ya chuma. Walisema kwa sifa.

Nyumbani alibandika karatasi ukutani, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: moto, mto, mbwa asiyefungwa, mtoto akichelewa, mtoto akikohoa zaidi ya siku mbili. Aliisoma kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Alipofika mwisho, alikwenda kumwangalia Lusungu, kwa sababu karatasi ilisema.

Jumamosi moja Roida alikwenda sokoni. Palikuwa peupe, jua kali, hakuna mgonjwa. Tamali alikuwa anaanika mashuka nje ya zahanati, na gari limeegeshwa kivulini, limezimwa. Ghafla honi ikalia. Halikuwa limeguswa na mtu. Likapiga tena, ndefu, halafu fupi fupi mfululizo, taa zinawaka na kuzima.

Akaacha mashuka, akaenda kuona limeharibika nini. Macho yake ya mwanga yalikuwa yamegeuka, yote mawili, yametazama nyuma ya jengo. Tamali akatazama huko.

Wilaya ilikuwa imejenga tangi jipya la maji wiki ile, la saruji, urefu wa ghorofa moja, halijafunikwa. Lusungu alikuwa juu kabisa ya ngazi ya chuma, amelala kifudifudi kwenye ukingo, kichwa na mabega vimeinamia ndani, anaita jina lake kwenye maji ili limrudie.

Tamali alisimama. Akaona kwamba mtoto amepanda vizuri, mikono yake ina nguvu. Akaona maji yanavyorudisha sauti. Akatafuta neno tangi kwenye ile karatasi kichwani, akalikosa. Karatasi iliandikwa kabla tangi halijajengwa. Honi ilikuwa inalia bila kupumua. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanakwaruza changarawe, gari linajaribu kupanda kwenye kibaraza lisichoweza kukipanda.

Basi akaenda. Hakukimbia. Alipanda ngazi moja moja, akamshika mtoto kiunoni, akashuka naye.

"Mama, nilikuwa naongea na mwenzangu," Lusungu akasema.

"Nimesikia."

Alimpeleka mpaka kwenye gari, wakaingia wote wawili, wakakaa kiti cha mbele, mtoto amempakata. Honi ikakoma. Chini yao gari lilikuwa linatetemeka, kiti, mlango, kioo, kama mgonjwa mwenye homa kali. Tamali akaweka kiganja chake juu ya dashibodi, namna alivyozoea kuwawekea wagonjwa kwenye paji la uso.

"Tulia," akaliambia. "Nimemshika."

Lilichukua muda mrefu kutulia. Yeye alikaa akilisubiri, akijaribu kukumbuka jinsi hofu inavyokuwa.